Vikorombwezo vya kilti ya kila siku: jinsi ya kuchagua visivyokuumiza

Aliyezoea kuvaa msuli au kikoi ataielewa kilti ya Uskoti nusu tu. Ni kweli zote ni nguo za mwanamume za kuzungusha kiunoni, na hata matamvua yamo: ukingo wa kilti wa upande wa kulia huachiwa matamvua. Lakini kikoi ni pamba nyepesi inayojishika kwa pindo. Kilti kamili hula yadi 8 za nguo ya sufu, yaani zaidi ya mita 7, sehemu kubwa ikiwa imekunjwa marinda nyuma, na ile ya nguo nzito hukaribia kilo 2 kabla hujaitundikia kitu. Uzito huo wote uko kiunoni. Mkanda, mkoba, mnyororo, pini, chochote utakachoongeza kinabebwa na kiuno hichohicho.

Ndiyo maana seti zinazokodishwa kwa harusi si kipimo kizuri. Zimepangwa zipendeze kwenye picha kwa saa chache, mvaaji akiwa amesimama. Mtu anayekwenda kazini Glasgow au Edinburgh na kilti, anayepanda basi, anayekaa ofisini mpaka jioni na kurudi na mvua, anahitaji vitu vichache zaidi, vyepesi zaidi, na vilivyojaribiwa akiwa ameketi. Na hilo si kuharibu mila. Kabla ya sheria ya 1746 iliyopiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, nguo hii ilikuwa ya kazi na safari. Marufuku ilifutwa 1782, na madoido mengi tunayoyaona leo yalikuzwa baada ya hapo, jeshini na kwenye kumbi za sherehe za karne ya 19.

Nunua kimoja kimoja. Anza na sporani, yaani mkoba unaoning'inia mbele ya kilti, fuata soksi, kisha mkanda na viatu. Vingine vinaweza kusubiri mwaka mzima na kilti isipungukiwe kitu.

Kwanza angalia kilti inakaa wapi

Lawama nyingi zinazotupiwa mkanda na sporani ni za kilti iliyovaliwa chini mno. Kilti si jinzi, haikai kwenye nyonga. Ukingo wa juu uwe usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na upindo wa chini ufike katikati ya pia ya goti. Kinachoishikilia ni vijimkanda vyake vya ngozi vyenye bizimu: kimoja kushoto kinachopenya kwenye tundu la nguo, na kwa kawaida viwili kulia. Vikaze kiasi kwamba vidole viwili bapa vinaingia kati ya kilti na shati, lakini kwa kubanwa. Vikilegea, kilti nzima inateremka, sporani inateremka nayo na kuanza kugonga mapaja, na utajikuta unaukaza mkanda mpana ili kufidia. Mkanda mpana haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Utakukata tumbo na kilti bado itashuka.

Sporani

Kilti ya kawaida haina mifuko. Sporani ndiyo mfuko wake, na neno lenyewe katika Kigaeli maana yake ni mkoba wa fedha tu. Ziko za mchana, za ngozi tupu. Ziko za sherehe, zenye manyoya na fremu ya chuma juu. Ziko za katikati, manyoya mbele na kifuniko cha ngozi. Zile za singa ndefu za farasi ni za wapiga bagpaipu, zumari ya mfuko ya Kiskoti. Kwa kila siku chukua ya ngozi tupu. Manyoya yakilowa hukawia kukauka, hutoa harufu, na hunyonyoka pale mkono unapopita mara kwa mara. Anayesafiri ana sababu nyingine: ngozi ya sili haiingii Marekani kwa sheria ya kulinda wanyama wa baharini ya 1972, na sporani kuukuu ya sili inaweza kukamatwa forodhani hata kama ni ya urithi. Ngozi ya ng'ombe haina mkasa huo.

Dukani watu hutazama sura ya mbele. Wewe tazama mdomo, mgongo na kifungo.

Mdomo upimwe kwa ndani. Simu nyingi za sasa zina urefu wa sentimita 15 hadi 17 na upana wa 7 hadi 8. Sporani ya sentimita 20 kwa nje inaweza kuwa na mdomo mfinyu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu mshono na mkunjo wa pembeni vimekula nafasi. Nenda na simu yako ikiwa ndani ya kava, itie na kuitoa mara tatu kwa mkono mmoja. Ikikwama dukani kwenye joto, itakukwama zaidi kituoni asubuhi ya Januari, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mgongo ndio unaosugua kilti kutwa, na hakuna anayeuangalia. Pitisha kiganja polepole. Ribiti zilizojitokeza, ncha ya waya wa pete, uzi mgumu wa mshono: hivyo ndivyo vinavyochomoa nyuzi za sufu, na baada ya miezi utaona duara lililochakaa katikati kabisa ya kipande cha mbele, mahali pasipofichika. Mgongo mzuri ni wa ngozi laini iliyofunika ribiti zote. Kama tayari unayo yenye ribiti wazi, gundisha kipande cha ngozi laini juu yake, upande wa laini ukitazama kilti. Pia lowanisha kitambaa cheupe kidogo usugue mgongo huo. Kikitoka na rangi nyeusi, ujue mvua ya kwanza itaihamishia rangi hiyo kwenye tartani yako, yaani ile nguo ya miraba ya kilti.

Kifungo kiwe cha kufunguka bila kutazama. Kijiti cha chuma kinachoingia kwenye tundu la ngozi hudumu kuliko vyote, ingawa siku za mwanzo ni kigumu. Kifungo cha kubofya kinafaa mradi usikibonyezee tumboni ukiwa na simu ndani. Sumaku ni rahisi mno, ila inaweza kufuta kadi zenye mstari wa sumaku, hasa kadi za milango ya hoteli. Chipu ya kadi ya benki haisumbuki.

Vishada vitatu vinavyoning'inia mbele ni mapambo ya heshima, lakini vikiwa virefu vinagongagonga kila hatua na kunasa kwenye droo ya meza. Chagua vifupi, au sporani isiyo navyo.

Sasa kinachoizungusha kiunoni. Sporani nyingi huuzwa na mnyororo wenye ncha za ngozi. Mnyororo una uzito wake, unasugua sufu kwenye nyonga na juu ya marinda, na ukiegemea kiti cha mbao kutwa unaacha alama mgongoni. Kwa kila siku tafuta mkanda wa ngozi mtupu wa upana wa sentimita 2 hivi, wenye matundu ya karibukaribu ili uongeze au upunguze kidogo. Wenye maumivu ya kiuno wanaweza kutumia vining'inizo vya ngozi vinavyoshikwa na mkanda mpana kwa mbele, bila kitu kuzunguka nyonga. Vinaondoa mkazo wa nyuma, lakini vinauvuta mkanda mpana chini, kwa hiyo vinataka sporani nyepesi kwelikweli.

Kupima urefu, fanya hivi:

1. Vaa kilti, shati na mkanda mpana kama utakavyotoka navyo. Pitisha mkanda wa sporani kwenye vitanzi vya nyuma ya kilti, kama inavyo, ili usiteremke juu ya makalio.
2. Laza vidole vinne chini ya bizimu la mkanda mpana. Ukingo wa juu wa sporani uanzie chini ya kidole cha mwisho.
3. Jaza vitu vyako vyote: simu, funguo, pochi. Sporani tupu hudanganya.
4. Keti kwenye kiti cha kawaida, inama ufunge kiatu, kisha panda na ushuke ngazi.

Ukiketi na ukingo wa juu ukakuchoma tumbo, iko juu mno; legeza tundu moja. Ukishuka ngazi na chini yake ikapiga paja hili na lile, iko chini mno au ni nzito mno. Ikielemea upande mmoja, panga upya vilivyomo: funguo na simu visikae upande mmoja.

Kuhusu uzito, iweke kwenye mizani ya jikoni ikiwa imejaa. Sisi tunakomea nusu kilo. Simu peke yake ina gramu 170 hadi 230, na kitita cha funguo kinaweza kufika 150, kwa hiyo hesabu inajaa haraka. Ikizidi, kipande cha mbele kinavutwa, mstari wa juu wa kilti unainamia mbele, na jioni mgongo wa chini unakukumbusha. Toa funguo usizozihitaji leo. Pochi nene ya sarafu na betri ya ziada vikae kwenye koti.

Na jifunze kuisogeza. Ukiendesha gari, ukiketi mezani kula, ukicheza ngoma au ukienda msalani, iteleze hadi kwenye nyonga. Mkanda wa ngozi hukubali hilo bila kukwaruza. Ukiketi kwenye kiti cha kawaida iache idondoke katikati ya mapaja: uzito wake ndio unaoshikilia nguo ya mbele mahali pake, kazi ambayo mvaa msuli huifanya kwa kukusanya nguo kwa mkono. Marinda nayo yapanguse kwa viganja viwili kuelekea chini wakati wa kuketi. Usipofanya hivyo utakalia mikunjo migumu mpaka kikao kiishe.

Soksi na mipira yake

Soksi za kilti hufika chini ya goti, kisha juu hukunjwa. Mkunjo uishie vidole vitatu chini ya pia ya goti. Zikipanda hadi gotini zinabana kila unapopiga hatua. Zikiwa fupi haziwezi kupanda hata uzivute vipi, kwa sababu shavu la mguu huzisukuma chini.

Uchanganyiko mzuri wa nyuzi ni sufu nyingi na nailoni kiasi, robo hadi theluthi. Sufu hupumua na haishiki harufu upesi, nailoni huzuia kisigino kutoboka. Pamba tupu hushika jasho, hulegea kufikia mchana na kuteremka. Akriliki hupendeza dukani na kupoteza umbo baada ya kufuliwa mara chache. Kama sufu inakuwasha, vaa soksi nyembamba ya pamba inayoishia kwenye kifundo ndani yake, au tafuta sufu ya merino. Rangi ya maziwa waachie maharusi na bendi. Kijivu, kijani kilichofifia au rangi ya uji wa shayiri haionyeshi tope. Pea tatu zinatosha wiki. Zifue kwa maji ya nyuzi 30 na uzikaushe zikiwa zimelazwa. Zikining'inizwa zikiwa na maji hurefuka.

Soksi hushikwa na mpira unaofichwa chini ya mkunjo, na vitepe vya rangi hujitokeza upande wa nje wa mguu. Hapa ndipo mateso mengi ya kimyakimya yalipo. Mpira mwembamba hukata kama uzi. Chukua wenye upana wa sentimita 2 na nusu, unaorekebishika kwa ndoano au velkro, na uukaze mpaka kidole kimoja kipite chini yake bila kulazimisha. Ukae kwenye sehemu nyembamba juu ya shavu la mguu. Ukivua na kuona mtaro mwekundu uliozama, au mguu ukifa ganzi ukiwa umeketi, umekaza kupita kiasi. Mwenye kisukari, miguu inayovimba au mishipa iliyotuna asivae mpira kabisa. Soksi zenye ukingo wa mistari ya kunyumbuka zitakaa zenyewe, na vitepe vinaweza kushonwa kwenye mkunjo.

Kiangazi, katika Nyanda za Juu za magharibi, soksi zina kazi nyingine. Visubi wa huko hutoka kwa makundi jioni tulivu isiyo na upepo, na magoti wazi ndiyo karamu yao. Paka dawa ya kufukuza wadudu magotini na nyuma ya magoti, usiipulizie kwenye sufu wala kwenye ngozi ya sporani.

Mkanda mpana

Mkanda wa kilti una upana wa inchi 2 na robo hivi, karibu sentimita 5.7, na bizimu kubwa la mstatili. Kwa kuwa kilti hukaa juu, mkanda huo uko kwenye sehemu laini ya tumbo, si juu ya mfupa. Ngozi nene na ngumu ikikutana na tumbo lililoketi, ukingo wa juu huchoma mbavu na wa chini huchoma kinena. Ukunje mkanda dukani uwe duara dogo: ukikataa, uache. Wa velkro ndani ni bora kuliko wa matundu, maana unaulegeza kidogo baada ya chakula. Kagua velkro yenyewe isijitokeze nje ya ukingo, kwa sababu ile sehemu ya ndoano hula sufu na shati.

Usibadilishe na mkanda wa suruali. Vitanzi vya kilti ni vipana, mkanda mwembamba hupanda na kushuka ndani yake na kukunja ukingo wa juu wa kilti.

Na unaweza kuuacha. Ukivaa kizibao, kwa desturi mkanda hauvaliwi, na desturi hiyo ina akili: bizimu hukisukuma kizibao nje na kukubana mara mbili. Chini ya sweta pia hauonekani. Sweta lenyewe liishie karibu na ukingo wa juu wa kilti au chini yake kidogo. Likifunika marinda linayabana yasifunguke unapotembea. Kwa sababu hiyohiyo makoti ya kilti hukatwa mafupi, na koti la suti ya kawaida halikai vizuri.

Viatu

Viatu vya sherehe vya kilti havina ulimi, na kamba zake ndefu husokotwa na kuzungushwa juu ya kifundo. Kwa matembezi ya kila siku havifai. Mvua inaingia moja kwa moja, soli ya ngozi inateleza kwenye mawe ya barabara ya Royal Mile ya Edinburgh, na kamba zikikazwa vibaya hukata ugoko kwa mbele na kano ya kisigino kwa nyuma. Ukilazimika kuvivaa, sokota kamba mara tatu au nne mbele, zungusha mara moja juu ya kifundo, funga bila kukaza, kisha pinda mguu juu na chini. Kamba ikikuzuia, legeza. Usizipandishe hadi kwenye shavu la mguu, zitateremka tu.

Buti fupi la ngozi lenye soli ya mpira ndilo jawabu la kila siku, au kiatu cha kawaida cha kamba chenye ulimi. Jaribu ukiwa na soksi za kilti zenyewe, kwani ni nene. Huenda ukahitaji nusu namba zaidi. Vaa soksi na viatu kabla ya kilti. Kuinama kufunga kamba ukiwa umeshajifunga mkanda mpana ni taabu ya bure.

Pini na kisu

Mbele ya kilti kuna vipande viwili vinavyopandana. Pini huwekwa kwenye kona ya chini kulia ya kipande cha juu tu, karibu sentimita 10 kutoka chini na 5 kutoka kwenye matamvua. Usiunganishe kipande cha juu na cha chini. Unapoketi vipande hivyo husogea kila kimoja upande wake, na pini itachana nguo. Wapo wanaoinunua ili upepo usiinue kilti, lakini upepo huinua marinda ya nyuma, na pini iko mbele. Kinachozuia upepo ni uzito wa nguo. Kwenye basi pini hunasa mifuko ya watu, iache nyumbani.

Kisu kidogo cha kwenye soksi, sgian dubh, kinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Sheria ya Uskoti ya 1995 inakataza kubeba chombo chenye makali hadharani, na inakubali utetezi kwamba ni sehemu ya vazi la taifa. England na Wales zina sheria ya 1988 yenye utetezi kama huo. Tambua kwamba huo ni utetezi: ni wewe utakayejieleza kwa askari, na kilti ya kwenda sokoni na kisu kwenye soksi inaweza kukuweka pagumu. Kwenye kabini ya ndege hakiingii kabisa. Kama unapenda sura yake, zipo zenye mpini bila makali. Kwa starehe, usipokivaa hupotezi chochote: ala yake hukandamiza mguu na kuvuta soksi chini.

Ndani na baada ya mvua

Bitana ya kilti huwa juu tu, kiunoni, kwa hiyo chini ni sufu na ngozi yako. Kwa kutwa nzima vaa boksa ndefu za pamba laini zinazofika katikati ya paja, zisizo na mshono upande wa ndani. Zinazuia michubuko, zinafyonza jasho, na kilti haihitaji kwenda kwa dobi mara kwa mara.

Ukirudi umelowa, vua vitu vyote kwenye kilti kwanza. Mkanda uliolowa ukiachwa juu ya nguo huacha rangi, na pini huacha kutu. Itundike kilti kwa vibanio kwenye ukingo wa juu, marinda yakining'inia yenyewe, mbali na hita. Sporani ifungue, toa kila kitu, jaza karatasi kavu na uibadilishe ikilowa. Usiiweke juu ya hita hata kama ni usiku na unaihitaji asubuhi: ngozi iliyokaushwa kwa moto hujikunja, na kifuniko kilichojikunja hakirudi tena kwenye kijiti chake. Ikishakauka, siku ya pili, ipake mafuta ya ngozi kidogo kwa mbele tu. Mgongo usiupake, maana mafuta hayo yataishia kwenye sufu.